Kiti Kilichogeuzwa Ukutani

Mwanangu Ambakisye,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia unacheka huko uani na wenzako, mnamalizia ndizi za mbalaga zilizobaki kwenye sufuria. Nimejifungia chumbani na nimesema naumwa kichwa. Kichwa hakiumi. Kesho asubuhi ukifika stendi ya Tukuyu utanitafuta kati ya watu waliokuja kukusindikiza, na hutaniona. Usidhani nimechelewa kuamka. Nakuandikia ili ujue nitakuwa wapi, na kwa nini.

Tranka lako nimelipanga mwenyewe. Habari za sweta, sabuni, kusali na kutoazimisha viatu bibi yako ameshakusomea tangu juzi, kwa hiyo naziruka zote.

Najua utacheka kwamba nimekuita mwanangu, wakati wewe umezaliwa kabla yangu. Lakini hukulipanga wewe wala mimi. Mama yako alikuwa dada yangu mkubwa, mimi ni kitinda mimba, na mdogo wa mama yako ni mama yako. Siku ya msiba wake tulikuwa bado shule ya msingi. Ulikuwa umekaa nyuma ya nyumba kwenye majani ya migomba, unalia peke yako, akaja bibi mmoja wa ukoo akanivuta mkono mpaka mbele yako. “Unalia mama, mama yako huyu hapa,” alisema. Ukaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. “Huyu? Huyu hata kupenga kamasi hajui!” Wanawake waliokuwa wanaomboleza wakashindwa kujizuia, wakacheka na machozi yao. Tangu siku hiyo ukawa unaniita mama mdogo kila ukitaka kitu. Mama mdogo, nifulie. Mama mdogo, nitetee kwa bibi. Na mimi nilikuwa nakujibu “abee mwanangu” kwa utani, tukilala chumba kimoja, tukigombania blanketi moja la baridi ya Tukuyu.

Leo sikuiti kwa utani. Haki ile niliyopewa msibani sijawahi kuitumia hata mara moja, na kesho unaondoka.

Nitaanza na jambo dogo langu mwenyewe. Unanijua nilivyo. Mtu akinitazama, macho yangu yanakwenda chini yenyewe, siyaamuru. Kidato cha pili kalamu ya mwalimu mmoja ilipotea mezani. Akatusimamisha mstari, akatupitia mmoja mmoja usoni. Alipofika kwangu nikatazama sakafu. “Mbona huyu anainama?” Darasa likageuka. Nilitaka kusema sijachukua, nikashindwa, na kadiri nilivyokaa kimya ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi. Begi langu likamwagwa mbele ya wavulana, na vitu vyangu vya kike vikaonekana. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mwalimu. Hakuniomba radhi, alicheka tu, akasema, “Na wewe jifunze kutazama watu.”

Kwa hiyo siku uliponisimulia habari za Mama Lusajo, mimi sikuwa nasikiliza habari ya mtu mwingine.

Nairudia hapa ilivyokuwa, kwa sababu nyinyi kila mkiisimulia inapungua. Mizani ya banda la chai ilipotea siku ya kuuza. Watu wameshachuma tangu alfajiri, viroba vimepangwa barabarani, gari la kiwanda limefika, na karani hana cha kupimia. Majani mabichi hayangoji. Mpaka mchana viroba vya katikati vilishapata joto, majani yakaanza kuwa mekundu, na harufu ile ya kuoza yenye utamu ikajaa mpaka huku kwetu. Gari likaondoka tupu. Watu wakawa na hasira, na hasira yao naielewa, maana viroba vya bibi yako navyo vilikuwepo.

Mama Lusajo ndiye anayefagia banda, na ufunguo hukaa kwake. Mkaenda kumchukua nyumbani kwake, wewe na mgambo wenzako, mkampeleka ofisi ya kijiji, wenzako wakabaki nje, wewe ukaingia naye. Ndani alikuwepo mtendaji, ambaye ni mgeni kwetu, katoka mkoa wa mbali. Alikuwepo kamanda wenu wa mgambo. Na alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya banda, mzee mwenye kofia ya sufu, ambaye ni baba mkwe wake Mama Lusajo. Baba mzazi wa mume wake.

Huko chuo cha askari wenzako wa mikoa mingine watashangaa ukiwasimulia, lakini wewe umelijua jambo hili tangu unabebwa mgongoni. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Mbele yake hasemi. Wasichana wengi wa mjini wameacha, na mimi nimeshaapa kwamba nikiolewa sitajificha kwenye mgomba wowote. Lakini Mama Lusajo ameolewa kwenye nyumba inayoishika mila hiyo, na anaishika. Mwaka jana tulikuwa naye gulioni Mpuguso, mzee yule akatokea, yule mama akaacha karanga zake chini akajificha nyuma ya vitenge vya watu mpaka tukamwambia ameshakwenda.

Mwanamke huyo ndiye mliyemsimamisha mbele ya mkwe wake, mkamwambia aseme.

Ulinisimulia kesho yake, tukiwa migombani tunakata majani ya kufunikia ndizi. Uliigiza na sauti. Mtendaji: “Ufunguo ulikuwa kwa nani?” Kimya. “Nakuuliza wewe mama, mizani iko wapi?” Kimya, uso chini, khanga imevutwa mpaka kwenye paji. Kamanda: “Unaona mheshimiwa? Mwizi hana macho.” Halafu ukasema jambo ambalo, nadhani, hukujua umesema nini. Ulisema, “Yule mzee naye akaona aibu, akageuza kiti chake akatazama ukuta.”

Niliacha kukata majani.

“Aligeuza kiti?”

“Eeh. Si mkwe wake? Hawezi kumtazama.”

“Akatoka nje?”

“Atokeje? Yeye ndiye mwenyekiti.”

Mwanangu, nimekaa na kiti hicho kichwani tangu siku ile. Nikila nakiona. Yule mzee aliishika mila barabara. Hakumtazama mkwe wake hata mara moja. Alitazama ukuta, akamsikiliza akichapwa nyayo kwa kipande cha mpira wa maji, na kila alipomaliza kulia, mtendaji anauliza tena, na yule mama hawezi kujibu kwa sababu ile ile ambayo kiti kimegeuziwa. Kila mzawa wa hapa aliyekuwa ndani ya chumba kile alikuwa anaitazama sababu ya ukimya wake, imekaa hapo, imewapa mgongo, imevaa kofia ya sufu.

Mtendaji hakujua. Sasa hivi namchukia, lakini nakubali kwamba yeye hakujua. Wewe ulijua.

Nilikuuliza, “Wewe ulikuwa unafanya nini?” Ukajibu, “Mimi? Mimi nilishika miguu tu.” Ukacheka kidogo, halafu ukaacha. Ukaendelea kukata majani ambayo hatukuyahitaji tena.

Niliitazama mikono yako. Mikono ile ndiyo iliyokuwa inanishika tukivuka mto kwenda shule. Ukaniambia pia kwamba Mama Lusajo alikuwa mkaidi, hakutulia, mikono yake ilikuwa inahangaika. Kwa hiyo wakamwongezea. Siku ya tatu yake nilikwenda na bibi yako kumpelekea uji, nikaiona hiyo mikono yake. Alitueleza kwa sauti ndogo, mtoto amelala mapajani. “Khanga ilikuwa inapanda,” alisema. “Na baba yuko pale pale. Nilikuwa naishika khanga.” Hicho ndicho mlichokiita ukaidi. Hakujikinga na mpira. Alikuwa anafunika magoti yake.

Bibi yako alimuuliza kwa Kinyakyusa kwa nini hakuomba kupelekwa pembeni aseme. Akajibu, “Ningeomba kwa mdomo gani, mama?” Tukarudi nyumbani. Bibi akaweka kikombe chini, akasema kwa Kiswahili chake, “Fijana fyetu fimekuwa mbwa.” Siku hiyo hiyo akakupakulia chakula, ukala. Hajawahi kukuambia. Mimi ndiye ninayekuambia.

Halafu mizani. Mwisho alipoitikia kwa kichwa, mtendaji akaandika kwamba amekiri. Mkamuuliza iko wapi, akaonyesha kwa mkono upande wa mto. Wanaume wazima mkashinda siku nzima ndani ya maji baridi mnapapasa mawe. Hamkuona kitu. Mkamrudia, akaonyesha upande wa Suma, kwa kaka yake, mkaenda mkapindua nyumba ya watu mpaka mkatoboa dari. Hakuna. Angeonyesha juu mngepanda mlima Rungwe. Alikuwa anaonyesha popote ambapo mikono yenu ingekwenda ikamwacha.

Mpaka leo ninapoandika mizani haijaonekana. Sijui aliyeiiba. Watu wananiambia hakuiba, na mimi naamini hivyo, lakini sitaki maneno yangu yasimame juu ya kwamba hakuiba. Hata kama mizani ingekutwa chini ya kitanda chake, mimi ningekuandikia barua hii hii, neno kwa neno.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu nisipolisema utadhani najiona msafi.

Kidato cha sita tulikuwa na mdahalo. Mada ilikuwa kwamba mtuhumiwa anayejua bomu lilipo abanwe mpaka aseme, ili watu wengi waokoke. Mwalimu wa uraia alitugawa, mimi nikaangukia upande wa kukubali. Kusimama siwezi, unajua, kwa hiyo niliandika hoja, na Rehema mwenye sauti kubwa akazisoma. Wapinzani walikuwa wameshika mambo yote yenye uzito. Walisema Katiba yetu inakataza mtu kuteswa. Walisema maungamo yasiyotolewa kwa hiari hayana nguvu mahakamani. Walisema kuna mkataba wa mataifa wa kupinga utesaji ambao nchi yetu haijajiunga nao, na kwamba wanasiasa wapewe swali hilo kila wanapokuja kuomba kura. Upande wetu tulikuwa na hofu tu. Nilichofanya ni kuipamba ile hofu. Niliandika kwamba sheria hutungwa kwa ajili ya siku za kawaida, na siku ya bomu si siku ya kawaida. Rehema aliposoma mstari ule ukumbi mzima ulipiga meza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, uso unawaka kwa raha. Hakuna aliyekuwa ananitazama, na maneno yangu yalikuwa yanashinda.

Halafu akasimama Zuhura, ambaye baba yake anauza vitambaa pale mjini. Hakuwa na karatasi. Akauliza, “Atakayembana ni nani? Nataka jina.”

Watu wakacheka. Mvulana mmoja akapaza sauti, “Askari!”

“Askari ana jina,” akasema Zuhura. “Ana mama. Jioni anarudi kula. Nataka jina lake.”

“Kaa chini Zuhura, muda!” wakamzomea. Akakaa. Tukashinda.

Nilimwona mjinga siku ile. Sikujua kwamba jina alilokuwa analitafuta ni lako.

Ndiyo sababu naijua kila hoja uliyonipa migombani. Uliniambia, “Mama mdogo, wewe umesoma vitabu, sisi tulikuwa na viroba vinaoza.” Uliniambia muda ulikuwa hakuna. Uliniambia mtu mmoja hawezi kufanya kijiji kizima kilale njaa. Ni hoja zangu zile zile, Amba. Mimi niliziandika kwa kalamu nzuri, nikiwa na sketi iliyopigwa pasi, kuhusu bomu na mji mkubwa. Kumbe zikifika kijijini kwetu zinatosha kwa mizani ya chai. Na kesho zitatosha kwa kuku. Siku ya bomu haiishi, kila mtu anayo ya kwake, na siku zote inaangukia juu ya mtu asiyeweza kusema.

Nimechoka pia na maneno yenu. Mtendaji anasema alihojiwa. Kamanda anasema walimlainisha. Kuna mmoja anasema walimsaidia kukumbuka. Hata kwenye redio, wakubwa wanaobishana juu ya mambo haya nimewasikia wakisema kumbana, kumshughulikia, nguvu ya kiasi. Hakuna anayesema nyayo. Mimi niliziona. Zilikuwa zimevimba mpaka mistari ya ngozi imepotea, zinang'aa, na mtoto wake anazigusa kwa kidole kimoja, anamtazama mama yake aone kama atalia.

Na leo mchana, kwenye sherehe ya kukuaga.

Nilikuwa nagawa wali wakati kamanda wenu aliposimama kutoa zawadi. Wengine walikupa tochi, blanketi, Biblia. Yeye akatoa kitu kirefu kimefungwa gazeti, akasema, “Kijana wetu anakwenda kuwa askari wa serikali, hatuwezi kumwacha aende mikono mitupu.” Ukafungua. Ulikuwa ni ule mpira. Sikuuliza kama ndio wenyewe, ninyi ndio mlioanza kukumbushana na kugongana mabega. “Haki za binadamu hazichumi chai!” kamanda akasema, na watu wakacheka mpaka wali ukawapalia. Yule mzee wa kofia ya sufu alikuwepo, kakaa kwenye kiti cha heshima, anakula nyama. Leo alikuwa amekaa kututazama sote.

Nilikuangalia wewe. Nilisema moyoni, akiweka chini, basi. Akinyamaza tu asicheke, basi, sitamwandikia kitu. Ukaupunga hewani kama rungu la mkuu wa kikosi. Ukacheka. Ukaja ukanipa, “Mama mdogo, niwekee kwenye tranka.”

Ulikuwa bado na joto la kiganja chako.

Nilinawa mikono, nikarudi kugawa wali. Wageni walinisifu kwamba ni binti mtulivu.

Sasa nikuambie la kesho. Kesi ya Mama Lusajo imepangwa kesho asubuhi, mahakama ya mwanzo, saa hizo hizo basi lako linapoondoka. Ushahidi mkubwa ni kwamba alikiri. Nilikwenda wiki iliyopita kumuuliza karani wa mahakama, na unajua kwangu kumuuliza mtu nisiyemjua ni sawa na kupanda mti wenye nyuki. Karani aliniambia kwa upole kwamba mshtakiwa ana haki ya kumwambia hakimu kuwa alipigwa, na hakimu atalazimika kulitazama jambo hilo. Nikafurahi mpaka nikaanza kuondoka. Halafu nikarudi, nikauliza shahidi wa kwanza ni nani.

Ni mwenyekiti wa kamati.

Umeelewa? Atakuwa amekaa pale. Hakimu atamuuliza Mama Lusajo, “Una la kusema?” naye atavuta khanga, ataangalia chini. Itakuwa ofisi ile ile tena, bila mpira, na safari hii itaandikwa kwa mhuri. Nimemwomba aseme. Bibi yako amemwomba. Kaka yake wa Suma aliyemwekea dhamana amempigia magoti. Anatujibu, “Nitajaribu,” na tunaona kwamba hataweza. Ameshaanza kuuliza nani atakaa na Lusajo akienda gerezani.

Waliokuwa ndani ya chumba kile ni watu wanne na yeye. Mtendaji hatasema. Kamanda hatasema. Mzee alitazama ukuta, atasema hakuona, na atakuwa anasema kweli. Anabaki mmoja.

Sikuambii usiende chuoni. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa unavaa shati la marehemu babu ukituamuru tusimame mstari, na bibi yako ameuza ndama wake ili upate nauli na vifaa. Najua pia kwamba ukisimama mahakamani ukasema “nilishika miguu”, unaweza kuulizwa mengine, na chuo kinaweza kusikia, na nafasi inaweza kupotea. Sina jibu la hapo. Ningekuwa nalo ningeliandika la kwanza kabisa. Ninachojua ni kwamba mahakama na stendi haviko mbali, na basi la kesho siyo la mwisho duniani.

Ukiamua kupanda, panda. Nitakuombea safari njema na nitamaanisha. Lakini nisikilize kwa hili. Siku moja utakuwa na magwanda, kituo kitakuwa na mlango wa kufunga, na mtu ataletwa mbele yako, naye atatazama sakafu. Mkubwa wako atasema, unaona, hana macho. Siku hiyo unikumbuke mimi na begi langu limemwagwa darasani. Tafuta kwanza kiti kilichogeuzwa. Kila mahali kuna kiti cha namna hiyo, na kila mahali kuna mtu wa chini anayekijua na anayeambiwa ashike miguu tu. Usiwe tena huyo mtu. Kama huwezi kuwa mwingine, rudi nyumbani tuchume chai.

Mimi kesho nitakuwa mahakamani, na barua hii nitaiacha juu ya tranka lako. Nitakwenda na Mama Lusajo tangu alfajiri kwa sababu anatembea polepole. Nimeshamwambia karani kwamba nina neno. Najua sikuwepo chumbani, na hakimu anaweza kuniambia kwamba maneno ya kusikia kwa mtu si ushahidi. Nimelifikiria hilo. Mpira siyo maneno.

Usiutafute kwenye tranka. Mahali pake nimeweka zile soksi nzito za mama yako, ambazo bibi alikuwa amezificha. Mpira uko hapa mezani mbele yangu, umefungwa gazeti lile lile, nami naandika pembeni yake bila kuugusa. Kesho nitaubeba kwenye kikapu.

Hakimu ataniuliza nimeutoa wapi. Nimejizoeza jibu tangu jioni mbele ya kile kioo kidogo, nikitazama machoni mwangu mwenyewe, na mara mbili nimeshindwa. Lakini nitalisema, na nitainua uso nikilisema. Nitamwambia nimeutoa kwenye tranka la mwanangu, na nitataja jina lako lote, na jina la mama yako aliyekuzaa. Ningependa, nikigeuka kutazama mlango, nikuone umesimama pale na tranka lako.

Mama yako mdogo,
Atuganile